Mbuzi Aliyekula Kanga: Namna ya Kufundisha Watoto Kuandika kwa Kitabu cha Picha na Simu Moja

Mpe mtoto wa Darasa la Pili karatasi tupu umwambie aandike habari yoyote anayoitaka. Baada ya nusu saa utapata hii: "Jina langu ni fulani. Baba yangu anaitwa fulani. Mama yangu anaitwa fulani. Ninapenda wali." Basi. Saa ya mapumziko huyohuyo yuko chini ya mwembe, amezungukwa na wenzake, anasimulia jinsi nyoka alivyoingia chooni kwao, na hapumui mpaka amalize. Maneno anayo. Yanapotelea mahali fulani kati ya mdomo na penseli.

Utaratibu ninaoueleza hapa ni wa kuyaokota hayo maneno yanayopotea. Nimeutumia katika madarasa ya chini yenye watoto zaidi ya sabini, nikiwa na simu moja ya kupangusa, yangu mwenyewe, yenye ufa kwenye kioo. Mtiririko wake ni mfupi: mtoto anaisoma picha, anasema anachokiona, simu inamtunzia sauti, kisha anaandika alichokwisha kukisema. Simu hapa kazi yake kubwa ni kusikiliza. Wengi tunakimbilia kioo, tunawaonyesha watoto katuni darasa zima, halafu tunashangaa mbona bado hawaandiki.

Kitabu kimoja kitakula wiki nzima, kipindi kimoja kila siku. Usijaribu kukimaliza siku moja.

Vitu vya kuwa navyo

Kitabu cha picha kimoja au viwili. Simu yenye kinasa sauti, au kishikwambi. Walimu wengi wa Tanzania waligawiwa vile vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022, na vingine bado vimelala kabatini. Spika ndogo ukiipata, maana sauti ya simu haifiki dawati la nyuma. Karatasi za A4, mkasi, penseli. Na visoda, vile vizibo vya chupa za soda: waambie watoto wakuletee, kwa siku mbili utakuwa na ndoo. Kazi yake utaiona mbele.

Hatua ya 1: Tafuta kitabu ambacho picha zake zina ugomvi

Watu husema "picha nzuri". Picha nzuri ya twiga amesimama tu haina la kuandikwa zaidi ya "Huyu ni twiga." Tafuta picha ambayo kuna jambo limeharibika au liko karibu kuharibika. Katika mwongozo huu tutumie picha moja ya kubuni: uani kuna kamba ya nguo, mbuzi ameshika pindo la kanga mdomoni, mama anatoka jikoni na mwiko mkononi, na nyuma ya pipa la maji kuna mtoto amejificha, macho tu ndiyo yanaonekana. Kwa nini amejificha? Hapo tayari kuna kisa.

Kama maktaba ya shule haina vitabu hivyo, viko vya bure mtandaoni. African Storybook, mradi uliozinduliwa mwaka 2014 na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, una hadithi za picha kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, na ulianza kwa majaribio Kenya, Uganda na hukohuko Afrika Kusini. Vitabu vyake vimepangwa kwa ngazi tano, kuanzia vya maneno ya kwanza hadi vya kusomewa kwa sauti. Kwa kazi hii chagua ngazi ya kwanza au ya pili hata kama watoto wako wanasoma vizuri zaidi ya hapo. Maandishi machache huacha nafasi kwa mtoto kuongeza ya kwake. StoryWeaver ya Pratham Books, India, nayo ina hadithi za Kiswahili. Zote mbili zina leseni huria, maana yake unaruhusiwa kuchapa, kutafsiri, hata kubadilisha maneno. Angalizo tu: tafsiri nyingine zina makosa. Zisome kwanza mwenyewe ukiwa na kalamu.

Pakua ukiwa nyumbani. Niliwahi kuingia darasani nikitegemea bando na projekta ya kuazima. Dakika ya tano umeme ukaenda, dakika ya sita mtandao nao ukaenda, na dakika thelathini na nne zilizobaki nilizijaza kwa kuimba. Tangu siku hiyo chochote kisichokaa kwenye memori ya simu sikihesabu kuwa ninacho. Ukiweza, peleka kurasa nne au tano steshenari zitolewe kopi. Rangi si lazima.

Hatua ya 2: Funika maneno, soma picha

Siku ya kwanza hakuna anayeshika penseli. Bandika kipande cha karatasi juu ya maandishi ya kila ukurasa, waonyeshe picha, kisha nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu kwa mwalimu. Hesabu kimoyomoyo mpaka kumi kabla hujasema neno.

Wataanza na majina: mbuzi, mama, pipa. Usiwakatize. Kisha uliza maswali ambayo huwezi kujibu kwa neno moja. Mimi nina matatu tu ninayoyarudia mpaka watoto wanayasema kabla yangu: *Umejuaje? Kabla ya hapa kulitokea nini? Huyu anajisemea nini moyoni?*

Swali la kwanza lina nguvu kuliko linavyoonekana. Mtoto akisema "Mama amekasirika," ukimuuliza amejuaje, atalazimika kurudi kwenye picha: ameshika mwiko, kiatu kimoja kimemtoka, mdomo uko wazi. Hapo umepata sentensi tatu zisizo na neno "amekasirika", na mtoto amejifunza kitu ambacho wengi wetu tulikuja kukifahamu sekondari, tena kwa viboko.

Mzazi unayefanya hivi nyumbani, hatua hii inaweza kufanyika kitandani kabla ya kulala. Kama mpo Muscat au Minnesota na mtoto Kiswahili chake kinalegea, mtumie bibi yake picha kwa WhatsApp, bibi ajibu kwa ujumbe wa sauti akieleza anachokiona. Mtoto atabishana naye. Mabishano hayo ndiyo unayoyataka.

Hatua ya 3: Nasa sauti

Gawa darasa katika vikundi vya watoto watano au sita. Kila siku vikundi vitatu au vinne vinakuja kwenye kona ya simu, mmoja baada ya mwingine. Waliobaki wanachora picha yao ya kilichotokea *kabla* au *baada* ya ile waliyoiona. Kuchora si kuwapumzisha. Mtoto aliyechora mbuzi akifungua lango kwa pembe tayari ana ukurasa wa kwanza wa hadithi yake.

Kwenye kona, weka simu juu ya kitambaa ili isitikisike, iwashe hali ya ndegeni ili isiite katikati, na mpe kila mtoto nafasi ya kusema sentensi mbili au tatu tu. Aanze kwa kutaja jina la kikundi, usije ukachanganya nani ni nani. Usimsahihishe wakati anasema. Akisema "zahabu" badala ya "dhahabu", mwache. Ukimkatiza mara mbili, mara ya tatu hatasema kitu.

Sauti za watoto hazipaswi kuruka kwenda kwenye makundi ya mitandao. Waeleze wazazi unachofanya kabla hujaanza, na ukimaliza wiki zifute. Tanzania ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi tangu 2022 na Kenya tangu 2019. Hata bila sheria, sauti ya mtoto ni ya kwao.

Hatua ya 4: Kutoka sikioni hadi kwenye daftari

Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Cheza sauti ya mtoto mmoja, sentensi moja, kisha simamisha. Tuseme amesema: "Mbuzi amekula kanga ya mama." Watoto wairudie kwa pamoja. Icheze tena. Sasa visoda: kila mmoja apange mezani kisoda kimoja kwa kila neno. Sentensi hii ina visoda vitano. Utaona vinane, sita, kumi na kimoja. Acha wabishane, cheza tena, wapange upya. Wakiafikiana, waandike neno moja chini ya kila kisoda, na kwa kuwa kisoda hakikai juu ya kisoda, nafasi kati ya maneno inajitokeza yenyewe.

Kwa nini usiwasomee tu wewe wakaandika, kama imla ya kawaida? Kwa sababu ya uso wa yule mtoto sauti yake inapotoka kwenye spika. Imla ni maneno ya mwalimu. Hii ni sentensi yake, na darasa zima limeinama kuiandika. Pia simu haichoki. Mimi nikirudia mara ya sita sauti inabadilika, nawakatia maneno silabi kwa silabi, "a-me-ku-la", na hapo ninawaharibia kabisa. Simu inarudia vilevile, kwa mwendo wa mazungumzo, na mtoto analazimika kusikiliza lugha jinsi ilivyo.

Kuhusu kusahihisha: chagua kosa la aina moja kwa siku. Leo nafasi kati ya maneno, kesho nukta na herufi kubwa, keshokutwa *r* na *l*. Daftari lililojaa wino mwekundu mtoto halifungui tena. Matamshi ya nyumbani, yale ya *dh* kuwa *z*, *th* kuwa *s*, au *h* kudondoka, hayatibiwi na kusikiliza peke yake, kwa sababu mtoto anaandika sawasawa na anavyosikia. Hayo maneno yaandike makubwa kwenye manila, yabandike ukutani, yazoeleke machoni.

"Wali mkamata mbuzi"

Kosa moja linastahili kichwa chake cha habari. Mtoto alitaka kuandika *Walimkamata mbuzi*. Akaandika: *Wali mkamata mbuzi.* Nikamwomba achore alichokiandika. Akachora sahani ya wali ina mikono, inamkimbiza mbuzi. Darasa lilivunjika mbavu, na kwa wiki nzima hakuna aliyerudia kosa lile.

Chanzo chake kinaeleweka. Tunawafundisha kusoma kwa silabi, *ba be bi bo bu*, na inafaa, maana Kiswahili kinaandikwa karibu sawa na kinavyotamkwa. Ila mtoto anabaki na wazo kwamba neno ni kitu kifupi. Akikutana na kitenzi kirefu kama *walimkamata* anaona lazima kikatwe mahali. Na akitazama simu ya kaka yake anakuta "nime fika", "ana kuja", anaona kumbe hata wakubwa wanakata.

Jaribio ninalolitumia linaitwa darasani "mgeni hodi". Kama ni maneno mawili, mgeni anaweza kuingia katikati. *Kanga ya mama*: mgeni "yule" anaingia, *kanga ya yule mama*. Kwa hiyo *ya* na *mama* ni nyumba mbili. Sasa *ame kula*: mgeni "yule" anaingia? *Ame yule kula.* Watoto wenyewe watapiga kelele hapana. Basi ni nyumba moja, funga mlango.

Atatokea mmoja mjanja, kila darasa lina wake, aseme: "Mwalimu, mbona *ameikula* ile *i* imeingia?" Mpongeze kwanza. Kisha mwambie amwite huyo *i* atoke nje asimame peke yake. Hawezi. Mgeni wa kweli huja kwa miguu yake. *I* ni mtoto wa humohumo ndani. Vivyo hivyo *ni* ya *Mbuzi ni mwizi* inasimama peke yake, wakati *ni* ya *nimemwona* haisimami. Maneno kama *kwa sababu* na *kwa hiyo*, ambayo wengi huyaunganisha, usihangaike na kanuni. Yabandike ukutani pamoja na dhahabu.

Hatua ya 5: Kijitabu cha karatasi moja

Siku ya nne kila mtoto anatengeneza kitabu chake. Chukua A4 moja, ikunje nusu, kisha nusu tena, kisha nusu tena. Ifungue: utaona vyumba vinane. Ikunje nusu ili ncha mbili fupi zikutane, halafu kuanzia kwenye mkunjo, kata kwa mkasi kufuata mstari wa katikati mpaka ufike kwenye mstari unaouvuka, usizidishe. Fungua karatasi yote, sasa ina mpasuko katikati. Ikunje kwa urefu, mpasuko ukiwa juu, shika ncha mbili na uzisukume zikutane. Mpasuko utafunguka kama mdomo wa samaki, na kurasa zitajipanga. Bonyeza mikunjo. Una jalada la mbele, kurasa sita za ndani na jalada la nyuma, bila stepla wala gundi.

Mtoto aandike *baada* ya kukunja. Akiandika kabla, nusu ya kitabu itakuwa miguu juu. Na fanya mazoezi mwenyewe usiku uliotangulia. Mimi sikufanya, nikakata karatasi vipande viwili mbele ya watoto sabini.

Kurasa sita zinatosha: mama anaanika, lango liko wazi, mbuzi anakuja, anakula, mama anatoka, na mwisho. Sentensi moja au mbili kwa ukurasa, picha juu. Mwambie mtoto anayekwama arudi kwenye kona ya simu asikilize sauti yake. Mara nyingi ataandika zaidi ya alichosema, na hapo ujue mambo yameanza kwenda.

Ule ukurasa wa mtoto aliyejificha nyuma ya pipa usiwape jibu lake. Nimepata majibu ya kila namna: ndiye aliyefungua lango, ndiye aliyempa mbuzi kanga ili aone kama anakula nguo, anamwogopa mbuzi, anamwogopa mama. Mmoja aliandika kuwa yuko chooni na hilo si pipa. Sawa.

Hatua ya 6: Kibodi, kwa wakubwa kidogo

Hii iache mpaka Darasa la Nne au la Tano, mkono ukishazoea penseli. Kwenye mipangilio ya kibodi ongeza Kiswahili, kisha zima masahihisho ya moja kwa moja na herufi kubwa za kujiweka zenyewe. Simu iliyowekewa Kiingereza hupigia mstari mwekundu maneno sahihi ya Kiswahili, na mtoto huiamini simu kuliko mwalimu. Waonyeshe kibainishi cha *ng'ombe* kilipo, kwa kawaida kwenye ukurasa wa alama. Wakubwa hatukitafuti, ndiyo maana nchi nzima tunachunga "ngombe".

Zoezi zuri zaidi hapa ni kuandika kwa sauti. Google iliongeza Kiswahili katika huduma hiyo mwaka 2017. Mtoto anasema sentensi tatu za hadithi yake, simu inaandika. Kisha anachukua penseli, ananakili na kurekebisha: simu imesikia nini vibaya, nukta ziko wapi, nani anazungumza? Simu mara nyingi humwaga maneno bila alama yoyote, kwa hiyo kwa mara ya kwanza mtoto anakuwa mwalimu na simu inakuwa mwanafunzi mzembe. Wanaipenda sana nafasi hiyo, na hawaionei huruma.

Kijitabu kilichotoka vizuri unaweza kukipiga picha na kuwatumia wazazi. Ukitaka kwenda mbali, African Storybook inaruhusu mtu kufungua akaunti na kutengeneza hadithi yake humo. Usiweke jina kamili la mtoto wala la shule.

Jalada

Nimeacha jalada mwisho kwa makusudi, kwa sababu jina la kitabu huandikwa vizuri na mtu aliyekwisha kukimaliza. Waambie jalada la mbele ni ile kanga iliyoliwa. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, yale maneno yanayoandikwa chini kwa herufi kubwa. Wachore pindo kuzunguka ukurasa, wachore chochote wanachotaka katikati, kisha wafikiri: kanga hii ya mama ilikuwa imeandikwa nini? Jina la kanga ni fupi na linamsema mtu bila kumtaja, kwa hiyo watajaribu mara nne tano, watafuta, watauliza "mwalimu, hili linafaa?" Wape kifutio na muda.

Msichana mmoja alichora pindo la mistari, katikati akaacha tundu lenye meno meno pembeni, na chini akaandika MBUZI HANA ADABU. Akafikiri, akafuta *MBUZI*, akaandika *MGENI*. Mama yake alipokuja Ijumaa kumchukua alikisoma kijitabu amesimama mlangoni, akacheka, akauliza kama anaweza kubaki nacho.